Bolti Ilifungwa Mahali Siyo: Kisa cha RAV4 Iliyolia Baada ya Kubadilishwa Belti ya Taimingi

Hiyo gari niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa chini ya gari ingine nafunga propela, nikasikia mluzi unakuja kutoka upande wa stendi, mwembamba, unapanda mafuta yakikanyagwa na unashuka mafuta yakiachiliwa. Kijana wangu akasema hiyo ni lori la turbo. Nikamwambia hapana, lori halilii hivo, toka nje uangalie. Ikaingia RAV4 ya zamani, ile ya milango mitano, rangi ya kijani, na nyuma imejaa magunia ya mukene, yaani dagaa, mpaka dirishani.

Gereji yetu iko Busia, upande wa Uganda. Hapa tunapata gari za kila aina, za wavuvi wa Majanji, za wafanyabiashara wa kuvuka boda, za walimu, na injini ya Toyota ya 3S-FE tunaijua vizuri sababu iko kwa hizo RAV4 za kwanza, iko kwa Ipsum, iko kwa Noah. Ni injini nzuri sana na inavumilia. Ndio maana kisa hiki kiliniuma, sababu injini haikuwa na kosa lolote, ilifanyiwa makosa na mikono ya watu, tena mikono mitatu tofauti.

Mwenye gari ni mama mmoja, anabeba mukene kupeleka Kampala mara mbili kwa wiki, na akirudi anarudi na nguo. Alikaa kwenye benchi akaweka kipochi magotini akasema, "Fundi, hii gari imenimaliza. Nimelipa watu watatu na bado inalia, na sasa hata mlima haipandi."

Nikamwambia, "Pole Mama. Nielezee toka mwanzo, usiruke kitu, hata kile unaona ni kidogo."

Akaeleza. Miezi minne nyuma alikuwa Kampala, fundi mmoja akamwambia belti ya taimingi, ile ya meno iliyo ndani inayofanya valvu zifuate pistoni, imezeeka, na ni kweli ilikuwa imezeeka, gari ilikuwa imepita kilomita laki moja na hakuna mtu anakumbuka ilibadilishwa lini. Wakabadilisha belti peke yake, siku moja, akaondoka. Alipofika Mukono akasikia mluzi. Akapiga simu akaambiwa belti mpya inajizoesha, itanyamaza yenyewe. Haikunyamaza. Wiki ya pili Jinja mtu mwingine akamwambia ni beringi za alteneta, zikatolewa zikawekwa mpya, pesa ikaenda, mluzi ukabaki pale pale. Alafu Iganga, kando ya barabara, wa tatu akasikiliza akasema hapa belti ya taimingi imekazwa sana, na kwa hilo jamaa alikuwa sawa kabisa, nampa haki yake. Akafungua kava ya juu, akalegeza, akafunga. Mluzi ukapungua. Mama akafurahi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi na baridi akawasha, injini ikapiga kitu kama kugonga mara moja, ikawaka, lakini toka hapo gari haina nguvu, na mluzi nao ukaanza kurudi kidogo kidogo. Alirudi kwa yule wa Iganga akamzungushia distributa, ile inayogawa cheche, nguvu ikarudi nusu.

Mimi mtu akinipa habari kamili namna hiyo nasikia raha, sababu kazi nusu imeshafanyika. Yule mama alikumbuka hata siku ilikuwa na baridi. Hilo neno la baridi na neno la kugonga mara moja ndio yalinifanya nisikimbilie kufungua, nikakaa kwanza nikapima.

Kitu cha kwanza nilitoa fen belti zote za nje, ya alteneta na ya pampu ya pawa stiaringi, nikawasha injini kwa sekunde chache hivi. Mluzi uko. Basi alteneta haihusiki na haikuwahi kuhusika, na jaribio hilo linachukua dakika kumi, halina gharama, na kama lingefanywa Jinja huyu mama angebaki na pesa yake ya beringi. Kwa 3S unaweza kufanya hivo bila wasiwasi wa kuchemsha, sababu pampu ya maji ya hii injini haizungushwi na fen belti, inazungushwa na belti ya taimingi yenyewe, ndani ya kava. Shika hiyo, tutairudia. Nikachukua bisibisi ndefu nikaweka ncha kwenye kichwa cha bolti ya kava na mpini kwenye sikio, nikasogeza sogeza. Karibu na pampu mluzi ulikuwa na kitu kama mchanga ndani yake.

Cha pili taa ya taimingi. Injini ikiwa ya moto unaunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha daignosisi, na cheche inatakiwa isome digrii 10 kabla ya pistoni ya kwanza kufika juu. Nikapiga taa, ikasoma 10. Hapo kijana wangu akasema basi taimingi iko sawa, tufunge hiyo habari. Nikamwambia angalia distributa imekaa wapi. Ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho wa tundu lake, bolti imegusa ukingo, hakuna tena pa kwenda. Kwa hii injini distributa inazungushwa na kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu, kwa hiyo kamshafti ikichelewa na cheche inachelewa, na mtu akizungusha distributa anarudisha cheche mahali pake lakini valvu zinabaki zimechelewa vile vile. Taa inakuambia 10 na wewe unaamini. Distributa iliyofika mwisho wa tundu kwenye injini ambayo haijawahi kufunguliwa kichwa, mimi huwa naiona kama mtu anayekuambia kwa mkono kwamba belti imeruka jino.

Tukaacha gari ilale. Hii kazi hufanyi injini ikiwa moto. Bloku ya 3S ni chuma na kichwa ni aluminiamu, vyote vinatanuka na joto, umbali kati ya kranki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na kamshafti unaongezeka, ukifunga belti kwa moto ikipoa inalegea. Mama alilala kwa dada yake Busia hapo hapo, magunia tukayahamishia kwa bodaboda ya mizigo.

Asubuhi tukainua upande wa kulia, tukatoa gurudumu, tukaweka jeki na kibao chini ya sampu, tukatoa maunti ya injini ya upande huo maana imesimama kwenye njia ya belti. Kava ya juu ikatoka. Kabla ya kugusa kitu chochote nikazungusha kranki kwa mkono mpaka mfuo wa puli ukakaa kwenye 0, pistoni ya kwanza juu na valvu zake zimefunga, nikaangalia kile kitundu kidogo cha gia ya kamshafti. Hakikulingana na alama ya kwenye kofia ya beringi. Jino moja nyuma. Bahati ya mama ni kwamba 3S-FE pistoni zake hazigusi valvu hata belti ikikatika. Ingekuwa ile ya D-4, 3S-FSE, mambo yangekuwa mengine, ile valvu zinapinda.

Tukashuka chini, puli ya kranki ikatoka, kava ya chini ikatoka, na hapo ndio tukapata jibu lenyewe. Aidla namba moja, ile inayosukuma belti, inatakiwa kuwa na springi inayoivuta. Springi haikuwepo. Haikukatika, haikuanguka, hakuna kipande chochote, ilitolewa. Na pale kwenye bracketi ya aidla kulikuwa na makovu ya bisibisi, chuma kimechubuka, mtu aliingiza bisibisi kubwa akaikandamiza aidla kwenye belti kwa nguvu zake zote huku mwenzake anafunga bolti. Nilimwita mama aje aone. Alishika ile bracketi akaipapasa kwa kidole, hakusema kitu muda mrefu.

Sasa mimi namuelewa yule fundi wa kwanza, na nasema hivi bila kumtetea. Springi ya 3S ukiivuta kwa mkono unaona kama haina nguvu, unaona hiki kitu kidogo hivi kitashika vipi belti ya injini ya lita mbili. Na sisi tumelelewa kwenye fen belti. Fen belti ukiilegeza inapiga kelele, ukiikaza inanyamaza, mkono unazoea hivo miaka yote. Belti ya taimingi ina meno, haishiki kwa msuguano, inashika kwa meno, kwa hiyo haihitaji kukazwa kama waya wa nguo. Inahitaji tu isiwe na ulegevu wa kutosha jino kupanda juu ya jino. Springi kazi yake ni kumeza ulegevu uliobaki, basi, alafu bolti inafungwa na springi inapumzika. Mtu akiona springi dhaifu akaitupa akaweka bisibisi, anaweka mzigo ambao hakuna beringi mle ndani ilitengenezwa kuubeba.

Na nani anaubeba huo mzigo? Aidla mbili, pampu ya oili, na pampu ya maji, zote zimekaa kwenye njia ya belti hiyo moja. Mluzi wa Mukono ulikuwa meno ya belti yanaingia kwenye gia kwa nguvu kupita kiasi. Mluzi uliorudi baada ya Iganga ulikuwa mwingine, ulikuwa beringi ya pampu ya maji iliyokwisha kuumia kwa ile miezi ya kukazwa. Nilipoishika shafti ya pampu ilicheza, na chini kwenye kile kitundu kidogo cha pampu kulikuwa na doa la kulanti, maji ya kupoza injini, limekaukia. Pampu hiyo ingejam, belti ingekwanguka meno au ingekatika, na mama huyu anapita msitu wa Mabira saa kumi usiku akiwahi soko. Hicho ndicho kilinikasirisha kweli, kuliko pesa.

Na yule wa Iganga alipolegeza, hakujua springi haipo. Alilegeza bolti akategemea kitu kivute aidla, hakuna kilichovuta, akafunga kwa kukadiria na kidole. Belti ikabaki na ulegevu, asubuhi ya baridi stata ikapiga, kranki ikatangulia, belti ikapanda jino moja kwenye gia. Huko ndiko kugonga mara moja.

Vifaa viliagizwa Kampala, soko la vipuri la Kisekka, nikatuma mtu ninayemwamini aangalie kwa macho yake. Belti mpya orijino, pampu ya maji na gasketi yake, aidla zote mbili, springi, sili ya kranki na sili ya kamshafti maana ya kranki ilikuwa imeanza kutoa jasho la oili na oili inaila raba ya belti. Mama aliuliza kama aidla za zamani haziwezi kurudi. Nikamwambia, "Mama, zimebeba mzigo ule ule uliobebwa na pampu iliyokufa. Nikizirudisha nitakuwa nimekuuzia safari nyingine ya kuja hapa." Akakubali.

Sasa kwenye kufunga nitakaa kidogo, sababu hapa na mimi nilikosea mara ya kwanza.

Springi ikawekwa, aidla ikasukumwa kando bolti ikafungwa kidogo tu ya kushikilia. Alama ya kranki mahali pake, alama ya kamshafti mahali pake, belti ikaingia kuanzia gia ya kranki kwenda upande ambao injini inavuta, upande huo uwe umenyooka bila kulegea, ulegevu wote ubaki upande wa aidla. Nikalegeza bolti ya aidla nusu mzunguko, springi ikavuta. Nikazungusha kranki mizunguko miwili kwa mkono, kufuata saa, polepole, nikarudi kwenye 0, alama zote zikakaa. Nikafunga bolti. Hivo ndivyo nilivyofundishwa na nimefanya hivo kwa gari nyingi.

Alafu nikazungusha tena mizunguko miwili ili nihakikishe, na njiani nilikuwa nashika belti kwa kidole kila baada ya robo mzunguko. Haikuwa sawa kila mahali. Kuna sehemu ilikuwa imara, kuna sehemu ilikuwa na ulegevu ambao sikuupenda. Nikafikiri labda belti mbovu. Nikakaa chini, kijana wangu akaleta kile kitabu cha warsha tulichonacho kimechapishwa, kurasa zimejaa grisi, na tukasoma sentensi ambayo nimeiruka kwa macho miaka mingi. Baada ya mizunguko miwili na kuhakikisha alama, unatakiwa uzungushe tena mzunguko mmoja na saba ya nane, usimame kwenye alama ya digrii 45 kabla ya juu, na HAPO ndio unafunga bolti ya aidla, kwa Nm 42, kipimo cha nguvu ya kukaza. Sio kwenye 0.

Sababu yake ukiifikiria inaingia akilini. Kamshafti haizunguki kwa uzito mmoja. Valvu inapofunguliwa springi yake inapinga, kamshafti inakuwa nzito, na valvu inapofunga springi yake inaisukuma kamshafti mbele, inataka kukimbia yenyewe. Kwa hiyo ulegevu wa belti unahama, mara uko upande huu mara upande ule, kutegemea kranki imesimama wapi. Ukifunga bolti mahali ambapo ulegevu umejificha upande mwingine, springi ya aidla haijaumeza, umeufungia ndani. Waliotengeneza injini wamekuchagulia mahali pa kusimama ambapo springi inapata kipimo chake, wakakuchongea na alama kabisa.

Na kwa nini mafundi wengi hatuijui alama ya 45? Iko kwenye kava ya chini ya plastiki, sambamba na 0 na 10, na sisi wengi tunaseti belti kava ya chini ikiwa bado iko mezani, tunatumia alama ya gia ya kranki na ile ya kwenye bodi ya pampu ya oili. Pale hakuna 45. Utaratibu wenyewe unataka belti ikae chini kwanza, kava ya chini ifungwe, puli ya kranki irudi, ndio uende kuvalisha belti kwenye gia ya kamshafti na kuseti ukazo. Tukibadilisha mpangilio tunaona tumerahisisha kazi, kumbe tumejiondolea rula.

Nikafungua bolti nikaanza upya. Kava ya chini, puli, bolti ya puli Nm 108. Bolti ya aidla ikalegezwa nusu, mizunguko miwili, alama sawa, alafu mzunguko mmoja na saba ya nane. Nilipita 45 kidogo, na hapa usirudishe nyuma hata kidogo, ukirudisha kranki kinyume cha saa ulegevu unahamia upande wa kuvuta na kipimo kimeharibika. Nikazunguka tena yote kutoka mwanzo mpaka nikaipata 45 nikiwa naijia kwa kufuata saa. Toki renchi, spana ya kupima ukazo, nikaiweka 42, ikabofya. Nikazungusha mara mbili nyingine nikashika kila robo. Sasa tofauti ilikuwa ndogo sana na hakuna mahali palipolegea.

Distributa ikarudi katikati ya tundu lake, taa ya taimingi ikapigwa upya, ikakaa 10 bila kulazimishwa. Injini ikawaka. Kimya. Kile kimya cha 3S nzima, unasikia injekta tu zinagonga gonga. Mama alikuwa amesimama mlangoni akauliza, "Imezima?" Nikamwambia iko inanguruma Mama, weka mkono hapa. Akaweka mkono kwenye bonneti akacheka.

Tulienda Bugiri na kurudi, yeye anaendesha. Mlima inapanda kwa gia ya nne na mzigo. Nilimwambia arudi baada ya safari mbili za Kampala nifungue kava ya juu tu niangalie alama, bila malipo. Alirudi, alama ilikuwa pale pale, pampu kavu.

Kuna jamaa aliniuliza kama hii 45 ni ya gari zote. Hapana. Kila injini ina lugha yake. Corolla za 4A-FE nazo zina springi, lakini kitabu chake kinakupa na kipimo cha kusukuma, belti iingie milimita 5 mpaka 6 kwa nguvu ya kama kilo 2, na pampu yao ya maji iko nje kwenye fen belti kwa hiyo ukikaza sana hutaua pampu, utaua aidla. Zingine zina tenshona, yaani kikaza belti, ya oili inayojikaza yenyewe. Zingine za Ulaya unazungusha tenshona mpaka mshale ukae kwenye alama. Ule mtindo wa kupinda belti kwa vidole mpaka digrii 90 umetoka kwenye injini fulani fulani tu, watu wakausambaza kwa zote. Na zile HiAce za dizeli za 2L, 3L na 5L mimi sizigusi bila kitabu mbele yangu, kule belti ikiruka valvu na pistoni vinakutana.

Bracketi yenye makovu ya bisibisi niliomba nibaki nayo, tulifunga nyingine. Iko kwenye ukuta wa gereji imetundikwa kwa msumari. Na kijana wangu siku hizi 3S ikiingia kwa kazi ya belti, kabla hajagusa spana anachukua brashi ya waya na kopo la rangi nyeupe, anasugua kava ya chini mpaka ile 45 inaonekana, anaipaka.